Utangulizi: Siku Ndefu Kuliko Zote

Wengi hulidhania somo la sikukuu za taifa kuwa la magwaride na hotuba, ndiyo maana naanzia Greenland, nchi ya Aktiki isiyo na jeshi lake, yenye watu wasiofika 60,000, ambako ukitaka kutoka mji hadi mji hupanda boti au ndege.

Kila tarehe 21 Juni huko huadhimishwa Ullortuneq, sikukuu yao ya taifa. Siku hiyo jua hukaa angani muda mrefu kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Katika miji ya Ilulissat na Qaanaaq halitui kabisa. Sikukuu ilianzishwa mwaka 1983, miaka minne baada ya Denmark kuukubali utawala wa ndani wa Greenland. Wangeweza kuchagua 1 Mei, siku utawala huo ulipoanza. Hawakuichagua. Walishika tarehe ambayo Copenhagen haikuwapa, na kwangu mimi uamuzi huo ni wa kisiasa kuliko hotuba nyingi.

Mengine yakaja kuifuata tarehe hiyo. Bendera yao, kazi ya Thue Christiansen, ilianza kutumika 21 Juni 1985: rangi ni zilezile nyekundu na nyeupe za Denmark, ila msalaba haumo. Mwaka 2009, siku hiyohiyo, ukaanza utawala mpana zaidi na Kalaallisut ikawa lugha rasmi pekee. Malkia Margrethe II wa Denmark alikuwapo Nuuk, mji mkuu, amevaa vazi la kike la Greenland.

Vazi hilo ndilo litakalotushughulisha zaidi: kola pana ya shanga inayofunika mabega, suruali ya ngozi ya sili, buti ndefu zilizotariziwa. Wanaume huvaa anoraki nyeupe. Siku ya Ullortuneq huimbwa nyimbo, watu huenda kanisani, kisha hukusanyika kwenye kaffemik, kahawa na keki tele, na kula nyama ya sili. Sasa, kahawa, shanga na tenzi za kanisani zililetwa na meli za Wazungu, na mwanafunzi mgeni huuliza haraka asili iko wapi. Swali hilo halimfikishi mbali. Afadhali aulize nani leo anazitunga shanga hizo, kwa mpango upi, na binti alifundishwa na nani.

Kwa hiyo anza na sura ya mavazi. Ile ya sheria na mabunge inaweza kusubiri.