Noti za Vita vya Kukomesha Utumwa

Salmon P. Chase wa Marekani, mwanasheria aliyewatetea watumwa waliotoroka, alikuwa Waziri wa Fedha wakati wa vita dhidi ya majimbo yaliyojitenga ili kulinda utumwa. Mwaka 1862, hazina ilipopungukiwa dhahabu, alikubali kwa shingo upande serikali itoe noti zisizobadilishwa kwa dhahabu. Kwa noti hizo askari walilipwa, na mwaka 1865 utumwa ukakomeshwa.

Lakini bei zilipanda, mshahara wa askari ukanunua kidogo. Mwaka 1870, akiwa Jaji Mkuu, Chase aliamua kuwa si halali kumlazimisha aliyekopesha kabla ya sheria ile kupokea noti hizo. Mwaka 1871 mahakama iliitangua hukumu hiyo, yeye hakugeuka.

Ndugu msomaji, noti ni ahadi. Mtumwa alinyimwa malipo ya jasho lake. Ahadi ikivunjwa, hata mtu huru hupunjwa.