Siigizi, Nawasha Taa!

Ukitaja Lukozi, anayeijua Lushoto atakumbuka baridi, ukungu na malori ya kabichi, karoti na viazi yanayoshuka kona za Soni hadi Mombo, kisha yaelekee Dar es Salaam. Kabichi hizo ndizo zilizonisomesha. Kwa hiyo baba alikuwa na haki ya kuuliza nilipomwambia nimepata nafasi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sanaa za maonyesho.

"Nimelima miaka yote hii mwanangu akawe mchekeshaji?"

"Hapana baba, mimi siigizi. Nataka kuwasha taa."

Hapo ndipo nilipoharibu kabisa! Akataka kujua tangu lini kuwasha taa kukahitaji shahada.

Kazi yenyewe ni hii

Wengi wetu tukienda kutazama mchezo wa jukwaani tunawaona waigizaji tu. Nyuma yao yupo aliyechora jukwaa, aliyebuni mavazi, wa taa, wa sauti, na yule anayeshika daftari la onyesho na kutoa ishara: sasa taa, sasa ngoma, sasa pazia. Kabla msumari haujagongwa, jukwaa zima hutengenezwa dogo kwa karatasi ngumu, mara nyingi kwa kipimo cha 1:25, yaani sentimita 4 za mfano ni mita 1 ya ukumbini. Ule ukuta unaouona imara mara nyingi ni fremu ya mbao na kitambaa kilichopakwa rangi. Taa ya mbele hupandishwa kiasi cha nyuzi 45. Ikija chini sana uso unakuwa bapa, ikija juu mno macho yanageuka mashimo.

Halafu kuna hesabu. Taa ya wati 1000 kwenye umeme wa volti 230 inavuta zaidi ya ampea 4. Soketi ya ampea 13 itabeba taa mbili za aina hiyo kwa usalama. Ya tatu ni kujitafutia balaa. Baba nilimweleza hivi: ni kama lori, ukizidisha magunia, kona za Soni zitakuhukumu. Akacheka. Siku hiyo alianza kunisikiliza.

Siyo uhuni wa juzi

Mlimani wamefundisha sanaa za maonyesho tangu miaka ya 1960. Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ilichapwa mwaka 1969, alipita pale. Penina Mlama na Amandina Lihamba walifundisha pale hadi wakawa maprofesa, na wote ni wanawake! Bagamoyo nako, Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981, na leo kinaitwa TaSUBa. Ukumbi wake uliteketea kwa moto mwaka 2002, jambo ambalo kila fundi wa jukwaa anapaswa kulikumbuka anapogusa waya.

Kwa wenzetu wa Yale, Marekani, usanifu na ufundi wa jukwaa una shahada zake za uzamili. Sisi wengi tunasoma sanaa za maonyesho kwa ujumla, halafu mtu anaegemea anakopenda. Mimi nikaegemea kwenye ngazi.

Sasa mchumba

Baba alielewa. Mchumba, mmh!

"Saa tano usiku, uko wapi?"

"Juu ya ngazi, naelekeza taa."

"Na nani?"

"Na mafundi wenzangu."

"Wanaume?"

"Wengi ni wanaume, ndiyo."

Kimya. Wiki ya onyesho simu huzimwa kwa saa nyingi, na kila ikiwashwa nilikuta meseji za kuhoji. Mwisho akatoa sharti: nikimaliza chuo nitafute kazi ya ofisini, la sivyo posa isubiri. Kwao hawatamwelewa mkwe anayerudi saa saba usiku mikono imejaa gundi.

Pete sikuivua, nyundo nayo sikuitupa. Nilimwalika aje. Sikumwalika kwenye onyesho, maana pale angewatazama waigizaji kama watu wote. Nilimwalika kwenye mazoezi ya ufundi. Alikaa tangu saa nane mchana hadi usiku. Alimwona mwigizaji akisimama palepale dakika ishirini ili taa moja ikae sawa. Alinisikia nikisema "shusha", na wanaume wanne wakashusha.

Njiani akasema, "Kumbe pale wewe ndiye bosi." Mpaka leo sijui ilikuwa sifa au malalamiko. Ila zile meseji za kuhoji zimekoma.

Kama mpenzi wako yuko nyuma ya pazia

Muulize mapema ratiba ya wiki ya onyesho, usije ukapanga kumpeleka ukweni siku hiyo.

Asipopokea simu, elewa kwamba mlio mmoja unaweza kuharibu kazi ya miezi miwili.

Nenda ukamwone akifanya kazi. Wivu mwingi hukua gizani.

Na wewe fundi, sema kabla ya posa: nafanya kazi usiku, na watu hawa, kwa saa hizi. Usimwache agundue mwenyewe.

Mchumba wangu bado anazungumza na mama yake, na sharti lake hajalifuta. Sitamsukuma, nampenda. Lakini nami ninalo langu: anayenioa, aoe na ngazi yangu.