BUSHI ZA MOTOKAA KUUKUU: ZIPI ZINGOJE NA ZIPI ZISINGOJE

Mwanachama mwenzetu mmoja, ambaye shamba lake liko Pemba lakini kazi imemweka Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama katika Mkoa wa Singida, ametuletea barua yenye swali ambalo twaona lawahusu wanachama wengi. Anayo motokaa aina ya Toyota iliyotengenezwa mwaka 1999. Kila apitapo njia za vumbi za vijijini huko, gari hugonga chini, upande wa mbele. Fundi amemwambia kwamba bushi zote zimekwisha na abadilishe zote kwa mara moja. Lakini fedha aliyo nayo ni ile aliyoiweka kwa ujira wa wachumaji. Karafuu haingoji, wala safari ya kuja nyumbani na watoto haingoji. Nayo ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Singida mpaka Dar es Salaam, kwa kupitia Dodoma na Morogoro, kabla ya kupanda meli. Auliza: abadilishe sasa, au asubiri mpaka auze karafuu?

Jawabu letu kwa ufupi ni hili: si lazima abadilishe zote, wala asisubiri kwa zote. Bushi hazilingani kazi, na iliyo na kelele nyingi si lazima iwe ndiyo yenye hatari nyingi.

Kwanza tueleze bushi ni kitu gani. Gurudumu la motokaa halikushikwa na chuma kilichokaza moja kwa moja katika fremu. Limeshikwa na mikono ya chuma, ambayo mafundi huiita wishiboni, nayo hupanda na kushuka kila gari ipandapo jiwe au iingiapo shimo. Pale mkono unapoungana na fremu huwekwa bushi: aghlabu ni bomba dogo la chuma ndani ya bomba kubwa, na katikati yake mpira uliogandishwa na vyuma vyote viwili. Mkono unapocheza, mpira hujipinda kidogo kisha hurudi. Hivyo gurudumu hubaki katika mstari wake, na mtikisiko haumfikii msafiri wote.

Wazee waliokuwa na motokaa za zamani wakumbuka kwamba zilikuwa na mahali pengi pa kutia girisi kwa bomba. Zile zilikuwa bushi za chuma. Za mpira hazitiwi girisi wala oili, kwani mafuta hayo huulainisha mpira na kuuvimbisha mpaka ukapasuka. Kwa hiyo anayempaka fundi maneno ya "nitilie girisi ninyamazishe kelele" anajiharibia mwenyewe. Na injini ivujayo oili juu ya bushi izibwe kwanza. La sivyo bushi mpya itakwenda njia ya ile ya zamani.

Sasa, bushi hufa kwa nini? Kwa umri, kwa joto, kwa mafuta, na kwa kazi. Huko Nduguti kiangazi ni kirefu, na njia za vumbi hufanya mawimbi madogo madogo yanayoutikisa mpira mara nyingi mno katika safari moja. Kwetu visiwani vumbi ni dogo, lakini unyevu na hewa ya chumvi huleta kutu, na kutu ikiingia baina ya chuma na mpira huviachanisha. Basi motokaa mbili za umri mmoja, moja ya Nduguti na moja ya Wete, haziwezi kuhukumiwa kwa kalenda moja. Sisi wakulima wa karafuu hili si geni kwetu. Hakuna mchumaji achumaye kwa kuhesabu siku tu. Hulitazama shada, likipevuka na kuanza wekundu kabla halijafunua, ndipo huchuma. Bushi nazo zataka kutazamwa.

Namna ya kuzitazama ni hii. Gari isimame mahali pa sawa, ivutwe breki ya mkono, na magurudumu yatiwe mawe. Iinuliwe kwa jeki, kisha iwekwe juu ya vigingi madhubuti. Mtu asiingie kamwe chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Kwa tochi, itazamwe kila bushi.

Nyufa ndogo za juu juu katika mpira ni uzee tu, kama makunyanzi ya uso. Bushi hiyo yaweza kuendelea, ila itazamwe tena baada ya miezi michache. Lakini ufa ukiwa mrefu na wa ndani, au mpira umeachana na chuma, au bomba la ndani limehama kutoka katikati, bushi hiyo imekufa. Kadhalika, bushi nyingine hutiwa maji mazito ndani yake, zikivuja, zimekwisha. Baadaye fundi auchokoe mkono kwa mtaimbo mdogo, taratibu. Kucheza kidogo kwa mpira ni desturi yake. Chuma kugonga chuma si desturi.

Ziko dalili nyingine ambazo dereva huziona mwenyewe. Gari huvuta upande mmoja inapofungwa breki. Husikika mgongo mmoja wa "gu!" breki ikishikwa, na mwingine ikirudi nyuma. Usukani hautulii katika lami. Tairi huliwa upande wa ndani au wa nje peke yake. Walakini dalili hizi zaweza kuletwa pia na boljointi, shokapu, tairodi, au upepo wa matairi usiolingana. Kwa hiyo upimwe kwanza upepo wa matairi, kwa kuwa ni jambo jepesi na halina gharama, kisha vitazamwe vile vingine. Wengi wamelipia bushi ilhali ugonjwa ulikuwa mahali pengine.

Tukija kwenye fedha, twazigawa bushi mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni zinazoweza kungoja kidogo. Hizi ni bushi na viungo vya stebilaiza, ile fimbo inayozuia gari isilale upande katika kona. Zikilegea hupiga kelele kubwa katika njia mbovu, na ndizo mara nyingi zinazomtia mtu hofu. Gari itayumba zaidi katika kona, basi dereva apunguze mwendo. Lakini gurudumu bado limeshikwa mahali pake. Nazo kwa kawaida ni za bei ndogo na wepesi wa kufunga.

Fungu la pili ni zisizongoja: bushi za wishiboni ya chini, na za mikono inayolishika gurudumu la nyuma. Hizi ndizo zinazobeba nguvu ya breki. Zikiachana, gurudumu huhama gari inapotaka kusimama, yaani saa ile ile dereva anapohitaji ukweli wa usukani. Na jambo la kutahadhari ni kwamba zaweza kuwa karibu kimya.

Kwa mwenzetu wa Nduguti, basi, twashauri hivi. Akague kabla ya kulipa, naye awepo akionyeshwa kwa macho yake. Ikiwa ya wishiboni moja imeachana, abadilishe za pande zote mbili, kushoto na kulia, hata kama itabidi achukue sehemu katika fedha za wachumaji. Wachumaji waweza kusemezwa wangoje siku chache, lami ya Dodoma haisemezwi. Ikiwa ni za stebilaiza tu, alipe wachumaji kwanza, aje kwa mwendo wa pole, abadilishe baada ya mauzo. Na ikiwa ni nyufa za juu juu, asilipe kitu.

Aulize pia bei mbili: ya bushi peke yake pamoja na ufundi wa kuitoa na kuitia kwa presi, na ya wishiboni nzima iliyokuja na bushi na boljointi yake. Mara nyingine nzima huwa nafuu, hasa boljointi nayo ikiwa imechoka. Asikubali bushi igongwe kwa nyundo mpaka ipinde. Bushi iliyochongwa katika tairi kuukuu yaweza kumfikisha mtu gereji, lakini haikugandishwa na chuma, kwa hiyo si ya kutegemewa katika wishiboni.

La mwisho ni dogo nalo huharibu kazi nyingi. Bolti za bushi za mpira zikazwe kwa mara ya mwisho gari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake, si ikiwa imeninginia. Zikikazwa gari ikiwa juu, mpira hukaa umejipinda siku zote, na bushi mpya hupasuka kabla ya wakati. Baada ya hapo gari ipelekwe kupimwa mstari wa magurudumu, ili matairi yasiliwe.

Wanachama wengi hupakia wachumaji na magunia katika gari zilizo na umri kama huu. Twawaomba, kila mmoja aitazame yake kabla msimu haujaanza, wakati ambapo fundi ana nafasi na mwenye gari hana haraka.