Mtoto wa Nani? Uzao na Cheo katika Makoloni ya Amerika

Wahispania walipoiteka Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, mwaka 1521, walikuta dola yenye miji, watawala na watu waliokwisha kuzoea kutoa kodi. Hawakuwa na haja ya kuwafukuza. Ilitosha kukaa juu yao. Wenyeji wakahesabiwa kuwa raia wa mfalme wa Hispania, wakatozwa kodi ya kichwa na kutumikishwa, huku wakiachiwa vijiji na wazee wao. Wageni waliovuka bahari wengi walikuwa wanaume, na tangu 1514 mfalme alikuwa amewaruhusu kuoa wenyeji. Kwa ndoa au bila ndoa, watoto wakazaliwa, na Waafrika walioletwa utumwani wakaongeza michanganyiko. Serikali ikawapanga watu kwa ngazi: juu kabisa Mhispania wa Ulaya, chini yake aliyezaliwa Amerika, kisha machotara wa kila namna.

Virginia, koloni la Waingereza lililoanzishwa 1607, lilikwenda njia nyingine. Walowezi walitaka ardhi ya tumbaku, si walipa kodi, hivyo wenyeji walisukumwa kando. Vibarua wa kwanza walikuwa hasa Waingereza maskini waliofungwa na mikataba ya miaka kadhaa. Waafrika wakaongezeka baadaye. Mwanzoni mpaka wa utumwa haukuwa wazi. Elizabeth Key, aliyezaliwa na baba Mwingereza na mama Mwafrika, alidai uhuru wake mahakamani, na kufikia 1656 alikuwa ameupata. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba kwa sheria ya Kiingereza mtoto humfuata baba. Wenye mashamba hawakungoja kesi nyingi za aina hiyo. Sheria ya 1662 ilitamka kuwa mtoto atafuata hali ya mama. Bwana aliyezaa na mtumwa wake akawa amejiongezea mali, si mrithi. Mwaka 1691 ikaamriwa kwamba Mzungu atakayeoana na Mwafrika, chotara au mwenyeji afukuzwe koloni.

Si kwamba Hispania ilikuwa na huruma zaidi. Wenyeji waliopelekwa kwa zamu za lazima kwenye migodi ya fedha ya Potosí wasingekubali hilo. Ila ngazi hupandika. Mwaka 1795 serikali ya Hispania ilitangaza hata bei ya hati ya kumwondolea chotara wa asili ya Kiafrika vikwazo vya hadhi yake. Waliomudu walikuwa wachache mno, lakini baraza la Caracas, lililokuwa mikononi mwa Wazungu waliozaliwa huko huko, lilipinga vikali.