Nguzo, Mhimili na Gadi

Mfasiri akutanapo na neno la kigeni lenye maana ya kitu kilichosimamishwa ili kutegemeza kingine, aghalabu huandika "nguzo" na kuendelea na kazi yake. Hakosei sana, kwani nguzo ndilo neno lililoenea: kuna nguzo za nyumba, nguzo za umeme, na nguzo tano za Uislamu. Lakini katika maandishi ya kitaalamu, neno moja likibebeshwa dhana nyingi huweza kuleta madhara.

Tutazame ujenzi wa ghorofa. Zege la sakafu linapomwagwa, mbao zilizo chini yake hushikiliwa na miti ya muda, ambayo mafundi huiita mirunda. Zege likishapata nguvu, miti hiyo huondolewa. Nguzo za jengo hubaki. Mwongozo ukisema tu, "Nguzo ziondolewe baada ya muda uliowekwa," msomaji atauliza: nguzo zipi? Akikosea jibu, sakafu yaweza kuwaangukia watu.

Lugha yetu haina upungufu hapa. Watu wa pwani huita gadi ile miti inayotegemeza jahazi lililopandishwa nchi kavu ili lisilale ubavu. Chombo kikirudi majini, gadi huondolewa. Dhana ya tegemeo la muda, basi, imekwisha kupata jina. Neno mrunda hutaja mti wenyewe, ambao hutumika pia kujengea jukwaa la mafundi. Gadi hutaja kazi. Twapendekeza miongozo iandike "gadi", na mahali pa kwanza ieleze kwamba ndiyo mirunda ya kushikilia zege.

Maneno mengine nayo yana mipaka yake. Mwimo, wa mlango au dirisha, watokana na -ima, yaani kusimama, mzizi uleule wa "wima". Mlingoti hubeba foromali na tanga, au bendera. Mhimili, kutokana na kuhimili, husisitiza mzigo wala si kusimama. Ndiyo maana hata boriti iliyolala yaweza kuitwa mhimili, na Serikali, Bunge na Mahakama huitwa mihimili ya dola.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua istilahi, mfasiri ajiulize mambo mawili: kitu hiki chabeba nini, na je, kitabaki au kitaondolewa? Jibu likikosekana kitabuni, aende akamwulize fundi.