Butura: Deni Linalokula Kahawa Ingali Mtini

  Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunapenda kuzungumzia jambo linalozitesa familia nyingi za Bukoba na Muleba, nalo ni deni linalochukuliwa katika miezi ya dhiki na kulipwa kwa mavuno ambayo bado hayajaiva.

Mkoani Kagera jambo hili lina jina lake: butura. Mkulima huhitaji fedha mwezi wa Januari au Februari, wakati kahawa ingali mbichi mtini. Mwenye fedha humpa kiasi kidogo, kisha wakaafikiana kuwa kahawa ya miti fulani, au magunia kadhaa ya maganda, yatakuwa yake msimu utakapofika. Uchumaji wa kahawa ya robusta hushika kasi kuanzia Mei na Juni. Siku hiyo anayefaidi jasho la kibanja si aliyekipalilia, bali ni yule aliyekopesha.

Mkazi wa mjini asidhani kuwa habari hii haimhusu. Mfanyakazi aliyepewa na benki ruhusa ya kutoa fedha zaidi ya zilizomo katika akaunti yake, yaani ovadrafti, yumo katika mlango huo huo. Mshahara unaingia, benki inakata deni na riba yake, na kinachobaki hakifikishi katikati ya mwezi. Basi analazimika kukopa tena. Mmoja anakula mshahara kabla haujaingia, mwingine anakula kahawa kabla haijaiva.

Hasara yake kwa hesabu

Tuchukue mfano wa hesabu tu, ili jambo lionekane. Baba wa familia anapokea shilingi 300,000 mwezi wa Februari kwa ahadi ya kutoa kilo 200 za maganda. Maana yake ni kwamba kila kilo ameiuza kwa shilingi 1,500. Mwezi wa Julai bei ikiwa shilingi 4,000, kilo zile 200 zina thamani ya shilingi 800,000. Kwa muda wa miezi mitano familia imepoteza shilingi 500,000, ambazo ni zaidi ya fedha zenyewe zilizokopwa. Na kwa kuwa mavuno yamekwenda, Februari inayofuata itaikuta nyumba haina akiba, na mkopeshaji yule yule atabishiwa hodi tena.

Hapa ndipo penye siri ya butura. Si deni la mara moja, ni mnyororo. Mwaka huu unalipa kwa mavuno, na mwaka ujao unakopa kwa sababu mwaka huu ulilipa kwa mavuno. Kwa hiyo anayetaka kutoka asingojee msimu wa kahawa ndipo ahangaike. Mnyororo huu hufungwa katika miezi ya Januari hadi Aprili, na hapo ndipo unapopaswa kukatwa.

Kwa nini watu huingia

Si haki kusema kuwa kila anayeuza butura ni mzembe au mlevi. Mwezi wa Januari shule zinafunguliwa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 ada ya shule za msingi na ya kidato cha kwanza hadi cha nne za serikali imeondolewa, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na nauli havikuondolewa. Katika miaka hii mfungo wa Ramadhani nao umekuwa ukiangukia Februari na Machi, na baada yake Idi, wakati ambapo mfuko wa mkulima ni mtupu kabisa.

Aidha, mgomba uliokuwa ngao ya nyumba ya Mhaya umepata adui. Tangu ugonjwa wa mnyauko ulipoingia mkoani mwaka 2006, familia iliyozoea kukata mkungu kibanjani imejikuta ikinunua chakula sokoni. Likaja tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa na kupasua maelfu ya nyumba. Ugonjwa na msiba navyo havingoji msimu.

Vyama vya ushirika navyo vina historia ndefu katika nchi hii ya kahawa. Bukoba Native Cooperative Union iliundwa mwaka 1950, na leo wakulima wa Bukoba na Muleba wanahudumiwa na KCU kupitia vyama vya msingi. Hata hivyo, kwa miaka mingi mkulima alipeleka kahawa yake chamani, akapewa malipo ya awali, kisha akangoja malipo ya pili kwa muda mrefu. Aliyechoka kungoja alikimbilia kwa mwenye fedha taslimu. Mwaka 2018 serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia ushirika, na butura imepigwa marufuku. Lakini marufuku peke yake haiwezi kumpa mama unga wa futari. Penye shida isiyotibiwa, butura hufanyika usiku.

Sheria ya Kiislamu inasemaje

Ikiwa fedha ile ni mkopo, basi kila ziada iliyowekwa sharti juu yake ni riba, iwe ziada ya shilingi au ya kilo za kahawa. Mwenyezi Mungu ameiharamisha riba katika Suratul Baqarah, na katika aya ya 279 ya sura hiyo amebainisha kuwa mwenye kutubu anastahiki rasilimali yake tu, asidhulumu wala asidhulumiwe.

Na ikiwa watasema kuwa si mkopo bali ni mauzo, basi Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda yaliyo mtini kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Katika hadithi ya Anas bin Malik, waliyoipokea Bukhari na Muslim, imeelezwa sababu: ikiwa Mwenyezi Mungu atayazuia matunda yale, mtu atakuwa amechukua mali ya ndugu yake kwa haki gani? Tazama hekima hii, ndugu msomaji, kisha utazame kahawa iliyopigwa na mvua ya mawe mwezi wa Machi.

Uislamu haukuufunga mlango bila ya kufungua mwingine. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana kabla kwa ajili ya tende za mwaka mmoja, miwili au mitatu. Hakuwafukuza, aliwataka wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Biashara hii huitwa salam. Bei hulipwa yote siku ya mkataba, na bidhaa huelezwa sifa zake bila kufungwa kwenye miti ya kibanja fulani. Muuzaji akishindwa kutoa, mnunuzi humngojea au hurejeshewa fedha yake ile ile, bila nyongeza. Kwa kuwa kahawa ina utaratibu wake wa kuuzwa kupitia vyama vya msingi, mwenye fedha anayetaka halali anaweza kufanya salam ya maharage au mahindi, baada ya kumwuliza mwanachuoni wa karibu naye.

Njia ya kutoka

La kwanza ni kuliandika deni. Aya ya 282 ya Suratul Baqarah, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inahusu kuandika madeni. Mume na mke waketi pamoja, waandike jina la kila mdai, kiasi kilichopokelewa mkononi, kiasi kinachodaiwa sasa, na siku ya kulipa. Tunasisitiza mume na mke kwa sababu kwa desturi ya kwetu kahawa huhesabiwa kuwa ya baba, na mara nyingi mama hupata habari ya butura siku anapoona watu wageni wakichuma kibanjani. Deni la siri halilipiki. Mtume (S.A.W.) alikuwa akijikinga kwa Allah kutokana na deni, na alipoulizwa sababu, alieleza kuwa mtu akidaiwa huzungumza akasema uongo, na huahidi akavunja ahadi. Uongo huo huanzia nyumbani.

La pili ni kumwendea mdai kabla ya msimu, pamoja na imamu au mzee anayeheshimika na wote wawili. Aombwe apokee rasilimali yake kwa fedha taslimu baada ya kahawa kuuzwa, hata kwa mafungu mawili. Jabir bin Abdillah (R.A.) aliachiwa madeni na baba yake aliyeuawa shahidi Uhud. Wadai walikataa kupokea matunda ya shamba yawe ndiyo malipo. Mtume (S.A.W.) alikwenda mwenyewe shambani, akaomba baraka, tende zikapimwa, deni likalipwa na nyingine zikabaki. Ile ni baraka ya Mtume. Lakini ndani yake tunajifunza pia kwamba mdaiwa hakuachwa peke yake mbele ya wadai, na kwamba mavuno yalipimwa kwa uwazi.

La tatu ni kugawa fedha ya kahawa siku ile ile inapopatikana. Fungu moja ni la deni. Fungu la pili liitwe jina la mwezi wa Februari, na lisiguswe kwa harusi wala kwa bati jipya. Kwa wengine ni salama zaidi likiwekwa katika umbo la magunia ya maharage na mahindi, yanayonunuliwa wakati wa mavuno bei ikiwa chini. Fungu la tatu, hata likiwa dogo, ndilo la matumizi.

La nne ni kukirudishia kibanja nguvu zake. Mgomba ulioshikwa na mnyauko ung'olewe na kuzikwa, ua la dume likatwe kwa mti wenye panda badala ya kisu kinachobeba ugonjwa, na samadi irudi shambani. Kila mkungu unaokatwa mwezi wa Machi ni butura iliyoepukwa.

Mfanyakazi wa mjini naye aandike, aende benki kuomba deni lake lisimamishwe na kugawanywa kwa malipo ya muda maalumu, kisha aache kabisa kuchota katika akaunti ile. Asiingie kwa wakopeshaji wa kausha damu ili kulipa benki, kwani huko ni kuzima moto kwa mafuta. Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, mkopeshaji anatakiwa kuwa na leseni. Asiyeweza kuionesha na akimbiwe. Akishatoka, ajue kuwa zipo huduma za benki zisizo na riba nchini: Amana Bank ilianza mwaka 2011, na CRDB ilifungua huduma yake ya Al Barakah mwaka 2021.

Jukumu la msikiti na la mkopeshaji

Mtu mmoja zama za Mtume (S.A.W.) alipata hasara katika matunda aliyoyanunua, madeni yakamzidi. Amepokea Muslim kwamba Mtume aliwaamrisha watu wamsaidie kwa sadaka. Zilipokuwa hazitoshi, aliwaambia wadai wachukue walichokikuta, wala hawana zaidi ya hicho. Jamii ilichanga kwanza, kisha wadai nao wakatakiwa kusamehe.

Je, msikiti wa kijiji hauwezi? Kaya 30 zikichanga shilingi 5,000 kila mwezi tangu Julai hadi Desemba, zitapatikana shilingi 900,000. Hizo zinatosha kuzipa kaya tatu shilingi 300,000 kila moja mwezi wa Februari, kwa mkopo mwema usio na ziada, ulioandikwa na kushuhudiwa, urudi baada ya kahawa ili mwakani wakopeshwe wengine. Kaya tatu kwa mwaka zinaonekana chache, lakini hizo ni kaya tatu ambazo hazitarudi kwenye butura. Vikundi vya kuzikana tumeviweza. Tusishindwe na kikundi cha kumwokoa mtu angali hai. Na wenye kutoa zaka wakumbuke kuwa wadaiwa wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut Tawbah miongoni mwa wanaostahiki.

Kwa ndugu yetu mwenye fedha, ambaye pengine husimama safu moja na mdaiwa wake, tunasema haya kwa heshima. Hatukuombi utupe mali yako. Chukua rasilimali yako kamili, na kilichozidi kiache. Aya ya 280 inakutaka umpe muda aliye katika dhiki, na inakueleza kuwa kumsamehe ni bora kwako. Jeneza lililoletwa mbele ya Mtume (S.A.W.) likiwa na deni hakulisalia mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua deni lile juu yake. Ikiwa deni la halali lilikuwa na uzito huo kwa aliyekufa, basi deni la dhulma lina uzito gani kwa aliyedai?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atutosheleze kwa halali Yake tusiihitaji haramu, awalipie wadaiwa wetu madeni yao, na avibariki vibanja vyetu. Amin. Wabillahi tawfiq.