Ziwa Letu Lina Sura Nyingi

Kuchora mandhari si kunakili tu kilicho mbele ya macho. Mchoraji aweza kuketi juu ya majabali ya Capri Point, akahesabu kila wimbi na kila jiwe, na mwishowe akatupatia picha iliyo sahihi lakini haina uhai. Tunasema hivi kwa sababu picha za Ziwa Victoria wanazouziwa wageni mara nyingi zina sura moja: jua linazama, maji ni mekundu na mtumbwi ni mweusi. Sisi tunaoishi Mwanza tunalijua ziwa hili kwa sura nyingine nyingi.

Kwa kazi hiyo, rangi za maji zina uwezo wa pekee. Mwanga wake hautoki katika rangi nyeupe, bali katika karatasi yenyewe, pale mchoraji alipojizuia asipake. Taa za wavuvi wa dagaa katika usiku usio na mwezi ni nukta za karatasi zilizosalimika. Karatasi ikiwa imelowa, rangi hutambaa na mipaka hupotea, kama visiwa vinavyomezwa na mvua. Ikiwa kavu, brashi huacha ukingo mkali, kama Jiwe la Bismarck wakati wa adhuhuri. Hivyo hofu, utulivu au furaha ya picha hutegemea kiasi cha maji na subira ya mkono.

Rangi hizi si ngeni katika nchi za Maziwa Makuu. James Augustus Grant, Mskoti aliyefuatana na John Hanning Speke katika safari ya 1860 hadi 1863, alichora kwa rangi za maji, na michoro yake imehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Scotland. Hiyo ni kumbukumbu yenye thamani; lakini yatueleza mgeni aliona nini. Anachohisi mwenyeji hakuna wa kumchorea ila yeye mwenyewe.

Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapoteza maisha. Kwa waliofiwa, maji matulivu ya upande wa Bwiru si mandhari ya kupendeza tu. Mchoraji anayetaka kulisema jambo hilo hana haja ya kuchora meli wala maiti. Anga la kijivu lililolowa, upeo usioonekana vema, na nafasi pana ya karatasi iliyoachwa tupu, vyatosha kumnyamazisha mtazamaji.

Tunawasihi walimu wa sanaa wawapeleke vijana ufukoni alfajiri, adhuhuri na wakati mvua inapokaribia, wachore jabali lile lile mara tatu. Kisanduku kidogo cha rangi, brashi na karatasi nzito vyatosha. Maji yapo tele. Wasiwaulize wanafunzi wanaona nini tu, bali pia wanahisi nini. Taifa lisilojichorea huzuni na furaha zake litabaki kujitazama kwa macho ya wapita njia.